Kigari cha Spoti cha Mdogo Wangu Agustino

Jumanne, 2 Machi 2004

— na mlango wenyewe wa gari wameupiga picha ukiwa wazi. Kwa nini uwe wazi? Kwa sababu haufungi! Nilimwambia Agustino pale pale, hata picha haijamaliza kushuka. Maana kwenye duka la intaneti la Shamsia picha inashuka taratibu. Kwanza paa, halafu vioo, tairi unazisubiri mpaka soda inaisha.

Huyu mdogo wangu tangu apunguzwe kazi kiwandani amekaa tu, anaangalia magari ya wenzake yakipita. Sasa kapata wazo. Anataka kigari cha spoti cha zamani, cha Kiingereza, viti viwili, paa la kukunja. Atakodisha kwa maharusi Morogoro nzima. Na wa kwanza kukipanda ni binti yangu Prisca, anaolewa baada ya Pasaka.

Shamsia ndiye anatusomea Kiingereza. Muuzaji mmoja kaandika gari lake linahitaji kazi kidogo. Kazi kidogo, na injini iko pembeni kwenye beseni! Jingine eti lilikuwa la bibi mmoja, analiendesha Jumapili tu kwenda kanisani. Nikasema basi hilo kanisa liko ndani ya bahari, ona kutu ile. Shamsia akacheka mpaka mteja wa kompyuta ya pili akageuka.

Halafu bei. Kadiri gari linavyokosa vitu ndivyo bei inapanda! Lisilo na taa ghali kuliko lenye taa. Eti ni la nadra, hayapatikani. Kesho na mimi sokoni natundika suruali isiyo na zipu, naiita ya nadra.

Ijumaa, 5 Machi 2004

Stori imeshafika mtaa wetu wote wa Mwembesongo. Mimi ndiye niliyeifikisha, ila wanaisimulia vibaya. Pale kwenye meza yangu ya mitumba leo wameniuliza magari kuliko mashati. Hamza fundi baiskeli akaja na lake: bibi harusi kiti kimoja, bwana harusi kiti kimoja, sasa dereva anakaa wapi? Nilicheka mpaka nikakaa juu ya belo la nguo.

Jioni nikalipeleka swali kwa Agustino. Akanuna. Akasema bwana harusi ataendesha mwenyewe. Na wapambe? Watafuata na pikapu. Haya. Na barabara ya Nyandira, kwetu milimani, kwa masika haya, kigari tumbo liko chini kama mjusi? Akasema mimi sitaki ainuke.

Hapo nikaacha kucheka. Maana hela yenyewe anataka itoke kwenye shamba la marehemu mama, kule kule Nyandira. Sisi Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama. Wa kulirithi ni Prisca. Njegere zake, kabichi zake, hana pengine. Lakini msimamizi ni mjomba, yaani Agustino. Hawezi kuuza mpaka mimi nitamke kwamba nimekubali. Na mimi siwezi kumkatalia hivi hivi, itakuwa nimemdharau mjomba wa mwanangu, wazee wa ukoo wataniweka kikao.

Nikatumia akili. Nikamwambia mbele ya Shamsia na Hamza, "Siku utakayonionyesha gari lililo zima, natamka. Jicho langu unalijua."

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu. Zima liko wapi!

Jumapili, 7 Machi 2004

Baada ya misa, intaneti. Leo magari matatu. La kwanza limepakwa rangi mpaka kwenye mpira wa tairi. La pili wamelipiga picha kwa mbali, mbele wameweka maua na mbwa. Ukiona mbwa ujue bodi limeoza. La tatu picha ilishuka mpaka katikati ikagoma, Agustino akasema labda hilo. Nikamwambia kama nusu ya juu iko hivyo, Mungu katuonea huruma ya chini.

Shamsia anasema Mama Prisca wewe ungekaa hapa na mimi, wateja wangeongezeka. Kweli wanaongezeka. Wanasimama nyuma yetu.

Jumatano, 10 Machi 2004

Limepatikana.

La kijani. Mwaka 1969. Picha zilishuka nyingi, tukazisubiri zote. Nilitafuta mikunjo ya bodi, hakuna. Rangi imepauka kidogo juu, kama shati lililoanikwa na mwenyewe, siyo lililofichwa. Kiti kimoja kimechanika, na huyo mzungu anayeliuza kakipiga picha karibu, uone uzi aliokishonea! Tumboni kalipiga picha, chini kabisa, kavu. Shamsia akasoma: heta ya kupasha joto ndani haifanyi kazi, saa ya mbele imekufa, msije mkasema sikusema. Heta ya nini Morogoro? Bei ya mtu mwenye akili timamu. Si ya mwizi, si ya mtu anayekimbia kitu.

Tangu mitumba iruhusiwe nipo sokoni. Sijaona muuzaji anakuonyesha doa kabla hujauliza.

Nikanyamaza. Mimi! Watu nyuma wakasogea. Agustino hakuwa anaangalia gari, alikuwa ananiangalia mimi. Nikasema twendeni, umeme unakaribia kukatika.

Haukukatika.

Alhamisi, 11 Machi 2004

Prisca kashuka kutoka Nyandira na kabichi za sokoni. Anti Pili wa jirani kamwambia habari yote kabla hajatua tenga — na mimi ndiye niliyemwambia Pili. Alimwamkia mjomba wake, shikamoo vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho juu ya paa la kukunja. Kalelewa, mwanangu.

Jikoni ndiyo akaniuliza. "Mama, mjomba anasema neno ni lako. Nina mbegu za viazi ndani. Nipande au nisipande?"

"Panda."

"Kwa hiyo gari ni bovu."

Nikamwambia ale, ugali unapoa. Kaangalia sahani. Ugali ulikuwa unatoa moshi.

Jumamosi, 13 Machi 2004

Mnunuzi wa shamba kaja. Bwana Wilfred wa Dumila, mfanyabiashara wa vitunguu, viatu vinang'aa kwenye tope hili. Amekaa barazani na Agustino. Shamsia kamtolea Agustino picha ya lile la kijani kwenye karatasi, na anaishika kwa ncha za vidole kama picha ya ubatizo. Mdogo wangu kanyoa ndevu. Tangu apunguzwe kazi sijamwona kanyoa ndevu siku isiyo ya kanisa.

Nimewaambia naingia ndani natafuta miwani. Miwani iko kichwani.

Shida ni hii. Maisha yangu yote ya biashara nimesema kibovu ni kizima. Kola imeliwa, nasema ndiyo fasheni. Kizima kusema kibovu sijawahi, mdomo haujui njia. Nianzie wapi?

Lakini wateja wangu wanalisema hilo kila siku! Shati jipya kabisa, anabinua mdomo, analishika kwa vidole viwili, anasema mama, hili ukilifua mara moja limeisha. Huku moyo unamdunda, analitaka. Nimejaribu hapa mbele ya kioo. Nimebinua. Agustino, hili gari — hili gari likinyeshewa mara moja — hapana, mzungu tumbo alilionyesha. Agustino, mtu gani anauza kitu kizuri hivi kwa hiari yake? Hilo lina nguvu kidogo. Kuna kitu anakimbia. Agustino mwoga wa vitu vilivyokimbiwa na wenyewe.

Kanyoa ndevu, jamani.

Anaita. Dada, Bwana Wilfred anawahi basi la Dumila, njoo useme neno lako. Tena anaita. Sauti yake imekuwa ya mtoto. Nakuja! Mdomo nimeshaubinua, ngoja niushikilie hivi hivi mpaka mlangoni.