Mguu wa Mama na Pijo la Baba

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichonitajia kwenye simu kimekwisha. Sisi huku tuko hai. Naanza na hilo kwa sababu kazi yangu imenizoeza kuanza na jambo nililo na hakika nalo. Mgongo wangu unanisumbua kama kawaida, na gazetini bado wananituma mahakamani kila siku. Nakaa kwenye benchi, nasikiliza watu wakiapa kisha wakidanganya, halafu narudi nyumbani kula.

Umenipigia mara nyingi ukidai picha ya gari, nami nimekuwa nikikwambia mtandao haushiki. Mtandao unashika vizuri tu. Nimeamua kukuandikia kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza, na habari hii inataka kusikilizwa kuanzia mwanzo.

Mwanzo unaujua, lakini vumilia niurudie. Daktari wa mifupa alisema vile vyuma vya zamani kwenye mguu wa Mama vimeanza kuozesha mfupa, na kwamba vikitolewa mapema mguu utapona. Ukasema gharama zote juu yako. Mama akakataa. Alisema yeye ameshakula gari la mume wake mara moja kwa ajili ya mguu huohuo, na hawezi kulala tena kwenye meza ya upasuaji kabla Baba hajarudishiwa gari lake. Ulicheka, halafu ukakubali: kwanza gari, kisha mguu. Ukanikabidhi mimi kazi ya kulitafuta, ukisema Kiherehere wetu hashindwi kumfukua mtu. Nilikwambia huo ni upuuzi. Hata hivyo niliifanya.

Si lazima nikukumbushe tulivyolelewa na maombolezo ya yale magari. Kwanza kile kifoksi cha bluu, kigari cha mgongo wa kobe, ambacho Baba alikiuza akiwa kijana na bado hutaja harufu ya viti vyake. Kisha ile pikapu aliyoibadilisha kwa mashine ya kusafishia picha, na kila mashine hiyo ilipokwama aliipiga teke akiilaani kwamba imemnyang'anya pikapu. Halafu Pijo 404, jeupe, lililobeba maharusi wa mji mzima: Mama akishona magauni, Baba akipiga picha, Pijo likipambwa maua. Hilo ndilo aliloliomboleza kwa sauti, kwa sababu hilo, alisema, aliliuza ili Mama atembee.

Mgeni alikuwa hajaketi vizuri, Baba ameshaanza. "Unamwona huyu mama anavyochechemea? Ule mguu wa kulia ni Pijo 404. Injini haijaguswa." Mgeni anacheka. Mama akichelewa na sinia, Baba anapaza sauti: "Leo limegoma kuwaka, nendeni mkalisukume!" Na wewe, kaka yangu, ulikuwa ukimsubiri mlangoni na kumpigia honi kwa mdomo, pii, pii, naye anakupisha huku akicheka. Mimi nilicheka pia. Alicheka kila mtu, na Mama alicheka kuliko wote, kama mdaiwa anavyocheka utani wa mwenye duka.

Baba alikataa kunitajia aliyelinunua Pijo. Alisema ni mpita njia, jina limemtoka. Hapo ningepaswa kushtuka, maana mtu anayekumbuka harufu ya kiti cha miaka hamsini hasahau jina la aliyekichukua. Nikazunguka kwa makanika wazee, mmoja akanielekeza kwa mwingine, hadi nikafika kwa mwokaji mikate mmoja anayeishi nyuma ya stesheni. Gari lilikuwa kwenye banda lake la kuni. Alilitumia kusambazia mikate mpaka gia zikachoka, kisha akaliacha. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Ile alama ya kuungua kwenye dashibodi, pale ulipozima njiti ya kiberiti ukachapwa, bado ipo. Mwokaji alikuwa tayari kuuza, ila hakuwahi kubadilisha jina kwenye kadi, hivyo nilihitaji saini ya aliyekuwa nalo kabla yake, daktari wa meno aliyestaafu.

Nilimkuta daktari wa meno sebuleni kwake na mke wake. Mikono inamtetemeka siku hizi; alisema watu wana bahati ameacha kazi. Nilipojitambulisha walifurahi wote wawili. Mke akasema gauni lake la harusi lilishonwa na Mama. Mume akasema alinunua Pijo wiki ile ile ya harusi, kwa sababu hakutaka kumwoa mtu kwa gari la kukodi. Baba alimwomba asimwambie Mama siku ya harusi, kwamba angemweleza mwenyewe, naye akaona ni mambo ya mke na mume. Nikamuuliza kama ana hakika siku ya harusi gari lilikuwa lake tayari. Mke ndiye aliyejibu. Alisema upindo wa gauni ulifumuka wakati anashuka garini, na Mama akapiga magoti palepale kwenye saruji, pini mdomoni, akaushona, akainuka mwenyewe bila kushikwa, akamwambia nenda binti, umependeza.

Mama hajapiga magoti tangu alipoanguka kwenye ngazi za studio. Unajua hilo. Kwa hiyo siku Mama alipoanguka, gari lilikuwa limeshauzwa zamani.

Nilikwenda studio. Baba alikuwa akifuta lenzi za kamera ambazo hazina filamu tena duniani. Nilimweleza nilichosikia kama ninavyowaeleza mashahidi, kwa mpangilio, bila kupaza sauti. Hakubisha. Alisema alitaka gari jekundu la milango miwili la bwana mmoja aliyekuwa akihama nchi. Akauza Pijo, akampa pesa, na bwana yule akahama na pesa na gari. Aliona aibu kusema. Akamdanganya Mama kwamba Pijo limeazimwa kwa harusi, kisha kwamba liko kwa fundi wa rangi. Halafu Mama akaanguka, na ile ajali, maneno yake haya, ikampa pa kuliweka gari lililopotea.

Nikamuuliza nani basi aliyelipa hospitali. Alisema babu, baba yake Mama. Mzee aliuza shamba lake la juu, lote, akamletea mkwewe pesa mkononi na kumwomba asimwambie binti yake, asije akaugua zaidi kwa majonzi. "Mzee aliomba siri, nami nikaitunza," Baba akaniambia, na nakuapia alijivuna. Akaongeza kwamba amempa Mama heshima, kwani ni wanawake wangapi mjini hapa wanaoweza kusema gari liliuzwa kwa ajili yao? Kisha akanisihi nisimwambie.

Nilimwambia jioni ile ile, akiwa kwenye cherehani. Hakulia. Aliuliza kama nina hakika na habari ya kupiga magoti. Nikamwambia habari ya pini mdomoni. Akasema naye anaikumbuka, ile saruji ilikuwa ya moto. Akamaliza mshono uliokuwa mkononi, akakata uzi. Baadaye sana akasema, "Baba yangu alikuja hospitali na machungwa. Nikamgeuzia uso ukutani. Nilisema moyoni, mume wangu ameuza gari, na wewe mzazi wangu unaniletea machungwa." Utakumbuka hatukwenda kumzika babu. Ilisemekana mguu wa Mama ulimuuma.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari. Alitazama picha ya mfupa kwenye taa, akaizima taa mapema. Alisema haiwezekani tena, mguu utakatwa juu ya goti, na akauliza muda wote huu tulikuwa wapi. Nikamjibu tulikuwa tunatafuta gari. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba tungepiga simu tu, hospitali ina magari ya wagonjwa.

Tukiwa njiani kurudi Mama akaniambia nilinunue Pijo. Nilidhani sijasikia. Akarudia: pesa za mwanangu zilitumwa kwa gari, linunue, ulilete uani. Nikanunua.

Lilivutwa hadi nyumbani siku ya Jumamosi. Baba alitoka na singleti, akaliona, akarudi ndani, akatoka tena amevaa koti na amechana nywele. Alilizunguka akiligusa taa moja moja. Aliingia, akafunga mlango, akatuambia tusikilize unavyofunga, kwamba milango ya siku hizi inalia kama sufuria. Alilia, Kaka. Alimwita Mama: "Umeona? Limerudi!" Alinitazama mimi kwa jicho la mtu aliyesamehewa. Aliwaita majirani, nao wakaja, akawaeleza yote tangu kifoksi. Mama alitoa kiti, akaweka mguu wenye bandeji juu ya kigoda, akamtazama mchana kutwa. Nilimnong'oneza kwamba inatosha. Akasema nimwache ashibe.

Jumapili asubuhi alikuja fundi wa vyuma chakavu na mtungi wake wa gesi. Majirani walikuwa bado wanakuja kuona gari. Baba alidhani ni fundi wa kuziba kutu, akaanza kumwonyesha pa kuanzia. Mama akasema kwa sauti ya kawaida, ile anayopimia watu nguo, kwamba fundi amekuja kulikata. Baba akacheka. Mama akamwambia, mbele ya watu wote, habari ya saruji na pini, ya gari jekundu, na ya shamba la babu. Akasema, "Miaka yote hii umewaambia watu mguu wangu ndio gari lako. Kesho wananikata. Basi leo tuanze na lako."

Baba alishika mlango wa Pijo kwa mikono miwili. Aliomba. Alimwita Mama majina ya ujanani ambayo sijawahi kuyasikia, na ambayo sitayaandika. Alisema gari halina kosa. Fundi akasita, ni mtu mzima, ana mke, aliniangalia mimi kama ninaweza kumwambia aondoke. Ningeweza. Mama mwenyewe alishusha macho, na mimi nilimjua: dakika moja zaidi angemwambia fundi afungashe vitu vyake.

Ndipo Baba aliposema, "Si mguu unakatwa vyovyote? Basi mkate mguu, gari mliache."

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata yeye alijisikia, maana aliachia mlango na kuanza kusema hakumaanisha hivyo. Jirani yetu muuza mkaa alimshika bega, akamwambia, "Njoo huku, mzee, umeshasema." Fundi hakungoja kuambiwa. Alivaa miwani yake, akawasha moto, akaanza na paa.

Ilichukua hadi alasiri. Baba aliomba usukani, Mama akakataa. Aliomba ile alama ya mbele, simba mdogo wa chuma, Mama akamwambia fundi aitupe pamoja na vingine. Jumatatu Mama alikatwa mguu. Operesheni ilikwenda vizuri, na kidonda kinapona kwa namna ambayo daktari anaisifu kila akipita.

Hiyo ndiyo picha uliyokuwa ukiidai. Pesa zako zilinunua gari, zikamlipa fundi aliyelikata, na nilijua tangu Mama aliponituma dukani kwa fundi siku ya Ijumaa. Sikukupigia simu kwa sababu ungezuia. Na jambo hili lazima nikuandikie pia, maana utalihesabu mwenyewe: daktari aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba tungefika mapema tungeuokoa mguu. Mimi ndiye niliyechelewa kupata gari, na wewe ndiye uliyesema gari kwanza. Tugawane.

Baba amehamishia kitanda chake studio. Nampelekea chakula, anapokea, ananishukuru, anauliza hali ya mgonjwa. Majirani waliokuwa wakicheka naye hawapiti tena upande ule. Siku moja mgeni asiyejua habari aliingia kutaka picha ya pasipoti, akamuuliza kwa heshima kama mzee alishawahi kumiliki gari. Baba alisema hapana.

Mama anakusalimu sana, pamoja na mkeo na watoto wote, kila mmoja peke yake, mkubwa hadi mdogo. Anakula, analala, ameomba kitambaa na anashona kwa mikono kitandani. Anasema usimtumie mguu wa bandia kwa sasa wala kitu kingine chochote. Anachotaka ni kupelekwa kwenye kaburi la babu. Nimekwenda kuitazama njia: gari linaishia chini kwenye daraja, na kutoka hapo ni kilima kitupu, mawe matupu hadi juu. Itabidi abebwe mgongoni. Mgongo wangu unaujua, hautafika hata nusu. Nilimwambia tutafute vijana tuwalipe, akasema hapana, abebwe na mwanawe.

Kwa hiyo omba ruhusa kazini na uje kabla ya mvua. Baba hakunipa salamu za kukufikishia, nami sikumwomba.

Ni mimi mdogo wako,

Kiherehere