Njia Itakayopita Chumbani Kwako

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mdomo wangu haujui kuanza na wewe bila hiyo. Nakuandikia nikiwa sebuleni hapa Ifakara, katika nyumba uliyotuachia, na habari niliyo nayo si nzuri.

Unakumbuka misimu ya kuamia ndege? Wewe na Mama Severina wa nyumba ya mkabala mlikuwa na utaratibu wenu. Wiki hii wewe unalala dunguni, kwenye kile kichanja cha shambani kule Katindiuka, unafukuza ndege kwenye mpunga wa nyumba zote mbili, naye anabaki mjini na watoto wote. Wiki inayofuata mnabadilishana. Tulikula kwake, tukachapwa kwake, na tukija kukushtakia unatuongeza. Kati ya mlango wako na wake palikuwa na kijia cha vumbi tu. Chumvi ilivuka, makaa ya moto yalivuka, umbea ndio usiseme.

Miaka ikapita, nasi tumeshakuwa watu wazima, ndipo wakaja watu wa lami. Waliitisha mkutano wa mtaa mpunga ukiwa umetoa masuke, karibu mtaa mzima tuko madunguni. Mama Severina alipoileta habari shambani, ulicheka. Kwetu harusi husubiri mavuno, kesi husubiri mavuno, hata ugomvi wa mipaka.

“Tutawakuta tukishavuna,” ulisema. “Nani atajenga barabara na wenye mtaa hawapo?”

Sote tuliona umesema kweli.

Tuliporudi na magunia tulikuta tuta limepanda hadi usawa wa madirisha, na kila upande mtaro wa zege usiorukika. Kivuko cha karibu kilikuwa kule stendi. Magoti yako hayakuweza kuzunguka kote huko kumsalimia mtu unayemwona kwa macho. Mkaanza kupigiana kelele. Malori yakazidi, sauti zikashindwa, mkabaki kupungiana mikono. Baadaye hata hiyo ikapungua. Nilikuona unavyofunga mapema dirisha la chumba chako cha mbele, roho ikaniuma.

Siku uliyotutoka ilikuwa mchana, masika yamekolea, mitaro imefurika. Ulimwita Mama Severina, hukutuita sisi. Nilitoka mvuani nikamwashiria. Alifika ukingoni mwa mtaro wa kwake, akasimama na kanga kichwani akiyatazama maji, kisha akashika njia ya stendi. Alipofika tulikuwa tumeshakufumba macho.

Sasa watu wa mipango miji wamerudi, na safari hii wamesubiri tuvune. Wanakiri kwamba mtaa ulikatwa vipande viwili. Wanataka kuweka kivuko na njia ya miguu ya kuuunganisha tena, na mahali panapofaa ni hapa kwetu. Chumba chako cha mbele lazima kiondoke.

Kaka alinipigia simu kutoka Mlimba. “Barabara ilimnyima mama mtu aliyemwita mwisho,” alisema. “Leo unawapa na chumba chake?”

Nilizunguka stendi hadi kwa Mama Severina, nikitumaini ataniambia nikubali. Hakuniambia.

“Mimi sivuki tena, mwanangu. Miguu imekwisha. Usibomoe kwa ajili yangu.” Akageukia ukutani.

Nilipotoka niliwakuta wajukuu zake wakicheza uani. Wana umri wa wanangu. Niliwauliza kama wanawajua wanangu, watoto wa ng'ambo ya barabara, wakasema hapana. Hawajui hata majina yao, mama, na nyumba zinatazamana. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nimekubali. Kwenu ninyi wawili kumechelewa, nalijua hilo, na kila nikilifikiria nalia. Kaka hapokei tena simu zangu. Jumatatu wanabomoa. Leo nimekitoa kitanda chako, nimefagia, nimefunga mlango. Watu watapita na ndoo na baiskeli zao pale ulipolala ukimwita, wala hawatajua.

Pumzika, mama. Kama nimekukosea, nisamehe.

Kitindamimba wako