Kobe Aliyerudi

Jumatatu, 3 Machi
Tafsiri ya sura ya mwisho imekwisha! Kwa saa moja na nusu tu, kamusi sikuigusa. Kobe mwenye mabawa karudi, kajilaza kikapuni mwake, msichana kamfunika shuka. Nimelia kidogo, kama nilivyolia nikiwa na miaka saba. Nimemtumia mhariri. Ijumaa saa kumi kitabu kinaenda mtamboni kuchapwa.

Baba bado hajui kwamba tafsiri yake ya zamani inastaafishwa, na anayeistaafisha ni mimi. Nitamwambia kesho. Wiki ya tatu hii nasema kesho.

Jumanne, 4 Machi
Mhariri kapiga simu. Namwita Kalamu Nyekundu, na leo kalistahili jina. Eti, dada, sura ya mwisho umeitoa wapi? Kitabuni, nikamjibu, kwa kiburi changu chote. Akanitumia mchoro unaofunga kitabu: kikapu kitupu, dirisha wazi. Basi.

Nimefungua kitabu chenyewe. Kobe harudi. Anavuka milima, na msichana anajifunza kulala bila yeye. Mimi sikutafsiri, niliandika nilichokariri utotoni! Miaka ishirini kazini, halafu kosa la mwanafunzi.

Na nilichokariri ni cha Baba. Toleo lake halina mchoro ule. Siku zote nilidhani ukurasa umechanika.

Jumatano, 5 Machi
Baba alikitafsiri mwaka ule ule aliofariki Mama. Mimi niliambiwa amesafiri. Shangazi, majirani, wote — amesafiri. Na kila jioni Baba ananisomea: kobe karudi.

Kwa hiyo nikamsubiri Mama. Tulibaki wawili tu nyumbani, na kila Jumamosi nilivua foronya ya mto wa Mama, nikauvisha nyingine safi, akija asikute vumbi. Miaka mitatu. Baba hakunikataza hata siku moja.

Nampenda, na nina hasira naye. Nimeuma meno mpaka kichwa kinauma.

Alhamisi, 6 Machi
Mistari tisa. Siku nzima! Kobe haendi. Kila nikimrusha, anarudi.

Kalamu Nyekundu anasema waliokulia kitabu cha Baba watatupigia kelele. Anasema pia mchoro haudanganyi. Niamue mwenyewe. Ahsante sana, bosi.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nane mchana, niko kwa Baba. Nimemwambia yote, haraka haraka, kama anayemeza dawa chungu. Hakukasirika. Macho yake hayaoni tena, lakini uso aliugeuzia dirisha.

Nisomee mwisho, akasema. Karatasi zilikuwa mbili mapajani, mwisho wake, kobe karudi, na mwisho wangu, kobe kaenda. Sikuwa nimeamua. Akasema nianze na mchoro, wamechora nini? Kikapu, nikasema. Kina kitu ndani?

Nikasema hakina.

Akapapasa mkono wa kiti. Halafu kwa sauti ndogo: na wewe, mwanangu, uliamini kwamba atarudi?

Nikasema ngoja nikatazame chai. Hakuna chai. Nimesimama jikoni, daftari juu ya friji, naandika. Saa tisa kasoro robo. Simu ya Kalamu Nyekundu imelia, nimeiacha.

Kila Jumamosi nilikuta foronya safi kabatini, zimefuliwa, zimekunjwa. Sikuwahi kujiuliza alizifua nani.

Baba ananiita. Mara ya pili sasa, na kwa lile jina la utotoni.