Glasi Aliyoikataa Mama Mkwe

Mshauri, ukome kutudanganya redioni kwamba watu wote tabia ni moja. Si moja! Niulize mimi niliyekulia Karagwe, Tanzania, nikarudi Rwanda na mtoto mgongoni. Kule ukipita mlangoni watu wanakula unavutwa mkono, unanawa, unakaa nao kwenye sinia, mama anasema, "Sogea, ndizi hazijaisha," mvua inapiga bati, mnacheka mpaka chakula kinapoa, hakuna anayeuliza wewe mtoto wa nani. Ah, watu wale! Hawa waliokulia hapahapa, kimya, moyo umetiwa kufuli. Mjukuu wangu Kaliza, niliyemlea mwenyewe, anaposwa na Melchior wa mtaa wa Kimisagara, kijana sina neno naye, lakini mama yake, Mukandayisenga, alikuja Jumapili kunisalimu, nikammiminia pombe ya ndizi niliyoitengeneza kwa mikono hii, nikampa glasi, karibu mama, karibu sana, akaitazama, akaiweka chini. "Kunywa basi!" Akasema, "Nimeshiba." Ameshiba pombe? Nikamwambia Kaliza siku ya posa mimi sikai, atafute mwingine wa kumtoa kwa wakwe. Sasa mtoto analia, hali chakula, na huko mama mtu anasema, "Waliotoka Tanzania maneno matamu tu, adabu hawana." Mimi! Naomba msaada wako, nimpokee mtu wa namna hiyo?

Bibi yake Kaliza, Rebero

Mshauri anajibu: Bibi mwenzangu, maneno yote hayo na glasi hukuionja! Hapa mwenye nyumba hunywa kidogo kwanza, mgeni aone kinywaji ni salama, ndipo ampe. Umempa glasi usiyoigusa, tena unamsukuma anywe. Alisema ameshiba ili asikuaibishe mbele ya mjukuu wako. Kisha akaenda kuwasema wote waliotoka Tanzania. Hapo mmelingana, mnajua kusema na hamjui kuuliza.

Nami nililelewa ng'ambo, Mbarara, najua unachokililia. Wengi wa sinia ile hawapo tena. Walilie, si aibu, ila usimkasirikie Mukandayisenga kwa kuwa yeye hakuwepo. Na wachoyo Karagwe walikuwepo, umewasahau tu.

Acha kununa. Kesho nenda Kimisagara na Kaliza, mwambie mama yule, "Nilikosea, sikuonja," naye akueleze lililomuuma. Siku ya posa ukae kiti cha mbele, umtoe mtoto wako.