Mtu wa Mlangoni Rungwe

Ekerenyo, 6 Machi 1994

Mwanangu Momanyi,

Watu wengi hukosea kudhani kwamba mtu anayeonekana kwenye postikadi ndiye aliyeituma. Lakini kwanza, hujambo? Kifua cha mama yako kinaendeleaje? Huku tu wazima, ila mvua imechelewa.

Nimesikia unataka kwenda Tanzania na ile kadi ya kanisa la Moravian la Rungwe, aliyotuma baba yako mwaka 1957, kabla habari zake hazijakatika. Kadi kama hizo huchapishwa nyingi na kuuzwa madukani. Baba yako, ndugu yangu Ombati, aliinunua tu. Yule aliyesimama mlangoni, ambaye tangu utotoni umeambiwa ni baba yako, si yeye.

Baba yako mdogo,
Abner

Itumbe, 20 Machi 1994

Baba mdogo,

Pokea salamu za sisi sote. Kifua cha Mama hakijapoa.

Nilimpa Dhruv, yule wa studio ya picha pale Kisii, aukuze uso wa Baba. Ukawa vitone vitupu. Nilipomsomea Mama barua yako alicheka mpaka akakohoa: “Abner amezoea kufundisha. Sasa anifundishe na bwana yangu?” Anataka kumwona Baba kabla yeye mwenyewe hajafa. Kesho naondoka. Ruth, mke wangu, atamtunza.

Mwanao,
Momanyi

Rungwe, 11 Mei 1994

Baba mdogo,

Natumaini mko salama. Mimi niko mzima.

Ulisema kweli. Mzee mmoja wa kanisa aliitazama kadi akasema, “Huyu ni baba yangu. Ndiye aliyekuwa akipiga kengele.” Akaniomba aishike kidogo, nami nikasita kumpa.

Ombati hajulikani hapa. Naambiwa nijaribu Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Nangoja jibu lako hapa kanisani, kisha niende. Nitarudije kwa Mama mikono mitupu?

Mwanao,
Momanyi

Ekerenyo, 2 Juni 1994

Mwanangu,

Salamu. Afya yangu si neno. Ya mama yako ndiyo mbaya. Hali chakula tena.

Nilikwenda Itumbe nikamsomea barua yako. Akasema, “Shemeji, mke hawezi kukosea sura ya mumewe. Nilijua siku nyingi kwamba si yeye. Lakini mtoto alitaka baba wa kutazama.”

Hamuulizii Ombati tena. Gari likisimama barabarani, anauliza kama ni wewe. Nyumba yetu ilishamlilia mmoja aliyekwenda huko. Haina nguvu ya kumlilia wa pili. Wala sijui kama barua hii itakufikia akiwa hai.

Acha Chunya. Anza safari ya kurudi nyumbani leo.

Baba yako mdogo,
Abner