Vitone vya Shangazi

Jumatatu, 2 Juni

Shangazi kaniamini! Jumamosi anafungua duka la krimu za uso, na bango la mlangoni nalichora mimi kwa kompyuta. Sura yake mwenyewe. Nimeamua: rangi nne tu — nyeusi, nyeupe, kahawia, chungwa. Zilizobaki ni vitone. Cha chungwa kando ya cha kahawia, jicho lenyewe linachanganya. Kama michezo ya kompyuta ya zamani. Raha!

Alhamisi, 5 Juni

Kwenye skrini anang'aa. Kachungulia, kasema nimempunguzia miaka kumi. Nikavimba kichwa.

Picha ya kunakili kanipa mwenyewe: yuko harusini, ndani ya gauni aliloshonewa na Mama, kabla halijachanika mgongo mzima. Tangu siku ile hawasemeshani. Shangazi anasema uzi ulikuwa mbovu. Mama anasema wifi yake alibana tumbo alipopimwa. Na maduka yao yanatazamana! Tarishi ni mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Mungu wangu. Fundi wa mabango kalikuza mno, kila kitone sasa kama kifungo cha koti. Nimesimama mlangoni: uso wote chunusi! Kwenye duka la krimu! Mpita njia kauliza kama hiyo ni kabla ya kupaka. Shangazi kasema nimemuaibisha, kesho lishuke. Nimelia chooni, kweli.

Jumamosi, 7 Juni

Sikulishusha. Nikamshika mkono — Shangazi, rudi nyuma. Akarudi huku anasonya. Katikati ya barabara, bado chunusi. Rudi tena! Akavuka kinyumenyume, mimi nazuia baiskeli, mpaka mgongo ukagota mlango wa Mama. Hapo vitone vikayeyuka. Akaacha kusonya. Kisha: jamani, yule ni mimi? Machozi yakamlengalenga. Mimi pia.

Lakini uzuri wote unaonekana kibarazani kwa Mama tu! Basi kila mteja anavushwa kwanza, anatazama, anarudishwa kununua. Kibaraza kikajaa. Mama akatoka na futi ya kupimia shingoni. Nikasema leo ndiyo leo.

Mama kalitazama bango. Wifi, kola ile si niliishona mimi? Shangazi akainama: sijawahi kupendeza kama siku ile, mpaka gauni lilipochanika.

Mama akamsogelea. Kavua futi, kamwambia ainue mikono, na safari hii apumue.

Naandika nyuma ya cherehani. Wateja wanaita ng'ambo. Shangazi kainua mikono — na tumbo, naliona, linaanza kuingia ndani.