Dhahabu Hakuomba Radhi

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
28 Novemba 1993

Kwa dada yangu Mwanasaumu,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Maskati, na kwamba hao unaowafanyia kazi wanakupa nafasi ya kupumzika. Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Sisi huku afya tunazo, alhamdulillahi. Mama siku hizi anaswali kwa kukaa, magoti hayamruhusu tena, lakini sauti yake ya kutugombeza haijapungua hata chembe. Mke wangu Mwanatabu anakusalimu sana.

Barua zako tatu nimezipata. Katika kila moja unauliza kwa nini Dhahabu hakuandikii, na katika ya tatu, kama mtihani wa kidato cha nne umemwendea vyema. Ya kwanza nilikujibu kwamba mwanao ameshikwa na masomo. Ya pili nilinyamaza. Leo nakwambia kweli: Dhahabu hakufanya mtihani. Yu hai, yu mzima, hana mimba wala hakutoroshwa na mwanamume. Natanguliza hayo kwa kuwa najua moyo wa mama utakimbilia wapi. Kisa chenyewe kisome chote, dada, ndipo unihukumu.

Habari za huku tangu mwaka jana umezisikia. Chama cha Waislamu kilinyimwa usajili, vijana wakapambana na polisi mjini, na tangu siku hizo kila mtu ana la kusema. Barzani, sokoni, hata katika chumba cha walimu, watu waliokunywa chai pamoja miaka kumi wakaanza kupimana. Ati wewe ni Mkenya kwanza au Mwislamu kwanza? Ukichelewa kujibu, wenzako wanatazamana.

Mwezi wa Julai mwalimu wetu mkuu, Bi Jerioth, aliamua kwamba siku ya wazazi pafanywe mdahalo, na mgeni wa heshima awe ofisa wa tarafa. Mada aliichagua mwenyewe: mzalendo wa kweli huiacha dini yake nyumbani. Mlezi wa chama cha mdahalo alikuwa Mwalimu Absalom, mtu wa Kakamega, ambaye nilikuwa nikimwona mpole kupita kiasi. Yeye ndiye aliyegawa pande mbili. Wa kuunga mkono akawa Nduku, binti wa dereva wa kreni bandarini. Wa kupinga akawa mwanao.

Nduku alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema kijijini kwao Ukambani pana makanisa saba, na kila kanisa likienda kwa chifu na Mungu wake mkononi, barabara haitatengenezwa mpaka kiama. Watu walicheka, wakampigia makofi.

Kisha akasimama Dhahabu. Alivaa sare yake na mtandio mweupe, na hakushika karatasi. Alianza kwa kuwakumbusha watu kwamba asubuhi hiyo hiyo mchungaji alikuwa ametufungulia sherehe kwa sala, kama afanyavyo kila mwaka, na sote tuliinamisha vichwa, wala hakuna aliyesema dini imeingia mahali pasipo pake. Akasema sala yao ikiombwa huitwa utaratibu, ila yetu ikitajwa huitwa siasa. Halafu akasema habari ya kitambulisho chake. Wajua alitimiza miaka kumi na minane mwezi wa Machi. Bado nayakumbuka maneno yake:

"Nilipokwenda kuomba kitambulisho niliambiwa nilete vyeti vya babu yangu. Nduku ni rafiki yangu, tulikwenda siku moja, naye hakuulizwa vya babu yake. Bendera ya skuli hii naipandisha mimi mwaka wa pili sasa. Basi nawauliza, nchi hii niipende vipi tena ndipo iamini kwamba nilizaliwa ndani yake?"

Wazazi walipiga makofi mpaka viti vikatikisika, na walikuwamo Wakristo waliopiga pia. Ofisa hakupiga. Aliikunja ratiba yake mara nne, akamgeukia Bi Jerioth, akauliza ni nani aliyemfunza mtoto huyu.

Jumatatu tuliitwa ofisini. Walikuwapo Bi Jerioth, Absalom, mimi kama mwalimu na mlezi wa mtoto, na mabwana wawili ambao hawakujitaja majina. Dhahabu alisimamishwa mbele yetu. Wakamuuliza nani aliyemwandikia hotuba ile. Akajibu, "Niliandika mwenyewe." Wakamuuliza tena, na tena, naye hakubadilisha neno.

Hapo Absalom alisema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema hotuba aliisoma kabla ya siku ile, akaona haina kosa. Akasema msichana aliambiwa apinge, akapinga. Kama kupinga ni hatia, skuli isingeweka pande mbili. Mmoja wa wale mabwana akaandika jina lake. Baadaye niliulizwa mimi. Nilichojibu nitakueleza mbele kidogo, dada, nivumilie.

Uamuzi ulikuwa huu: Ijumaa Dhahabu asome karatasi ya kuomba radhi mbele ya bendera, skuli nzima ikisikia. Asipoisoma, asirudi, na mtihani ausahau. Nilimsihi siku nne. Mama alimsihi akilia. Alituheshimu wote wawili, hakupaza sauti. Aliniambia tu, "Mjomba, nitajie neno moja lililokuwa la uongo, nami nitaliombea radhi."

Ijumaa aliitwa mbele, akapewa karatasi. Aliisoma kimya, akaikunja vizuri, akamrudishia Bi Jerioth kwa mikono miwili. Aliigeukia bendera, akasimama wima kama tulivyomfunza, kisha akaenda zake akatoka langoni. Nduku alilia mstarini hadharani. Msichana yule alimletea mwenzake madaftari kila Jumamosi mpaka Septemba, akidhani huenda watamruhusu. Hawakumruhusu. Absalom alipewa uhamisho kabla Julai haijaisha. Yuko bara, mahali ambapo mkewe hakuweza kumfuata. Aliniaga kwa mkono. Nilishindwa kumtazama usoni.

Sasa nifike nilipokuwa nikikwepa.

Dada, hotuba ile niliiandika mimi. Dhahabu alinijia na karatasi tupu, akaniambia hajui aanzie wapi. Akanisimulia ya kitambulisho. Kisa kilikuwa chake, hasira ilikuwa yangu. Mimi nami nilizungushwa hivyo hivyo kwa pasipoti mwaka wa themanini na saba, nikarudi nyumbani kimya, na kimya hicho nimekaa nacho miaka sita nikifundisha watoto wa watu historia ya uhuru. Nikaona nimepata sauti nzuri ya kunisemea, sauti isiyokuwa na mshahara wa kupoteza. Nilimwandikia kurasa tatu, naye akazihifadhi zote kwa moyo.

Na ofisini nilipoulizwa, nilisema mimi ni mtumishi wa serikali mwaminifu, sijui maneno yale aliyatoa wapi, huenda ni kaseti za mawaidha anazosikiliza. Wallahi dada, mwanao hana hata redio. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Hakunigeukia. Alisema kwa mara ya mwisho kwamba aliandika mwenyewe.

Septemba nikapandishwa cheo. Mimi ndiye naibu wa mwalimu mkuu sasa. Dhahabu aliposikia, alifunga nguo zake kwenye kanga, akambusu Mama mkono, akaondoka. Anafua mashuka katika hoteli moja Shanzu na analala kwa rafiki yake Kisauni.

Juma lililopita nilikwenda kumwona. Nilingoja nje ya lango la wafanyakazi mpaka saa yao ya chakula. Mikono yake imebabuka kwa dawa ya kufulia. Akaniamkia, "Shikamoo mjomba," kwa adabu ile ile uliyomlea nayo, akaulizia magoti ya Mama. Nikamwambia nakuandikia, nitakueleza yote. Akasema hiyo ni barua yangu, si yake, na yeye hakuwa na nia ya kunisema kwako.

Kisha akaniuliza, "Mjomba, yale uliyoandika, ulikuwa ukiyaamini?"

Nikamwambia ndiyo, niliyaamini, na hata leo nayaamini.

"Mimi pia," akasema. "Ndiyo sababu sikuomba radhi." Akanipa mkono, akarudi kazini.

Dada, sitaki unijibu upesi. Mwandikie yeye kwanza. Anuani yake nimeiweka nyuma ya bahasha. Mama hajui aliyeandika hotuba, na nikimaliza barua hii nitaingia chumbani kwake nimwambie. Skulini bado sijasema, na sikudanganyi kwamba nimepata ujasiri huo.

Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe kwetu salama. Watu wote wa nyumba hii wanakusalimu, na wa mwisho kabisa ni mimi,

nduguyo mdogo,
Mwidani